LIKIZO YA NGAZIJA: KUUNGA UDUGU AU KUNUNUA SAFU YA MBELE?

  

Ndugu Waislamu, kila mwaka unapokaribia mwezi wa Julai, skuli za Ufaransa zinapofungwa, Wangazija wengi waishio Marseille, Paris na Lyon hufunga mizigo kurejea kisiwani kwao. Wenyeji wamewapa jina la "je viens", maneno ya Kifaransa yenye maana ya "naja". Huku kwetu nako, Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, familia zenye asili ya Ngazija huanza kuulizana: Mwaka huu tunakwenda? Nani anafanya anda? Tutavaa nini? Tutatoa kiasi gani?

Maswali hayo tumeyasikia mara nyingi, hata barazani mwa misikiti yetu. Swali moja hatujalisikia: safari hii inapangwa kwa ajili ya nani? Ni kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na haki za jamaa, au kwa ajili ya macho ya watu wa mji? Hilo ndilo tunalotaka kulisema leo kwa uwazi, kwa sababu kunyamaza kumekwisha kuwagharimu ndugu zetu mali, heshima na dini.

SAFARI YENYEWE HAINA KOSA

Tuanze na la haki. Uislamu haukumkataza mja kupumzika wala kutembea. Qur'ani imewahimiza watu watembee katika ardhi na kutazama jinsi Mola alivyoanzisha uumbaji (Al-Ankabuut 29:20). Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuunga udugu ni sababu ya kukunjuliwa riziki na kurefushiwa umri, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Basi mwenye bibi yake Mitsamiouli, au shangazi yake Iconi, au mama mdogo Mbeni, kisha akapata nauli na ruhusa ya kazi, kwenda kwake ni ibada akiitia nia.

Na visiwa vyenyewe vina mengi ya kumzidishia muumini imani. Mlima Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, ni volkano iliyo hai. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, na majivu yake yakayachafua matangi ya maji ya mvua katika kisiwa kisicho na mto wa kudumu. Kisiwani Mwali, kasa hupanda pwani ya Itsamia usiku kutaga mayai. Katika kina cha bahari hiyo anaishi gombessa, samaki ambaye wataalamu wa Ulaya walidhani ametoweka duniani tangu zama za mbali sana, hali wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua kwa jina. Mwenye kuyatazama haya akamkumbuka Muumba wake hakupoteza likizo yake.

Wala safari baina ya Ngazija na pwani yetu si jambo jipya. Sayyid Ahmad bin Sumait alizaliwa Itsandra mwaka 1861, akasafiri kutafuta elimu mpaka Hadhramaut, Makka, Misri na Istanbul, kisha akawa kadhi Unguja mpaka alipofariki mwaka 1925. Mwanawe, Sayyid Omar, naye alikuwa kadhi Unguja kisha akamaliza umri wake Komoro. Sheikh Burhan Mkelle, mwenye asili ya Ngazija, aliyefariki mwaka 1949, aliwasomesha Kiarabu na dini watu wengi wa Unguja. Yako mambo ambayo wanaotaka islahi wanatofautiana nayo katika njia za wazee hao, na si mahali pake leo. Lakini hakuna anayeweza kukana kwamba walivuka bahari hii kwa ajili ya elimu. Sisi tunaivuka kwa ajili ya nini?

ANDA SI NIKAHA

Kwa ndugu zetu wasioijua, anda si nikaha. Mara nyingi mwanamume huyo alikwisha kuoa zamani. Nguzo za nikaha zilitimia, na watoto wamezaliwa na kukua. Anda ni sherehe ya kimila inayokuja baadaye, pengine baada ya miaka ishirini, ambayo kwayo mwanamume hutoka katika daraja la "mwanamji" na kuingia katika daraja la "mndru mdzima", yaani mtu mzima. Huchinjwa ng'ombe. Hugawiwa fedha kwa marika na wakubwa wa mji. Bibi harusi huvikwa dhahabu, na ngoma na twarabu huchezwa siku baada ya siku. Upande wa mwanamke nao una mzigo wake: lazima nyumba ya binti isimame, nayo hujengwa kidogo kidogo tangu yu mtoto mdogo. Jumla ya gharama hufika makumi ya maelfu ya euro, katika nchi ambayo vijana wake wengi hawana kazi ya mshahara.

Fedha hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwa mtu anayefagia vyumba vya hoteli Marseille, anayelinda mlango wa duka usiku wa baridi, anayewauguza wazee wa watu wengine hali mama yake mwenyewe ni mgonjwa kisiwani. Huweka akiba miaka mingi, na isipotosha hukopa. Kisha huomba likizo ya mwezi mmoja, na katika mwezi huo huimwaga jasho ya umri wake. Akirudi Ufaransa hurudi na sifa mdomoni mwa watu na deni shingoni mwake.

Na asiyefanya anda hubaki mtoto. Awe ameota mvi, awe amesoma chuo kikuu, awe ndiye anayelisha nyumba nne, akifika bangwe, uwanja wa mashauri ya mji, neno lake si neno. Hatuna haja ya kuwatukana ndugu zetu kwa hilo. Tunawauliza tu: Ni Aya gani iliyofanya utu uzima wa mtu uwe ni idadi ya ng'ombe aliowachinja? Mwenyezi Mungu amesema kwamba aliye mtukufu zaidi mbele Yake ni aliye mchamungu zaidi (Al-Hujuraat 49:13). Hakutaja dhahabu wala joho.

SAFU YA MBELE

Lililo zito kuliko yote ni hili: daraja hiyo ya mali imeingia mpaka nyumba ya Mwenyezi Mungu. Wakubwa wa anda hujulikana kwa mavazi yao na mharuma wao mabegani, na msikitini mahali pao ni mbele. Aliyekuja mapema lakini hana anda huijua nafasi yake.

Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba lau watu wangalijua yaliyomo katika adhana na katika safu ya mwanzo, kisha wasipate njia ila kupiga kura, wangaliipigia kura. Hadithi hii ni ya Bukhari na Muslim. Safu ya mbele ni ya aliyetangulia kuitikia mwito. Na katika hadithi ya Ibn Umar, iliyopokewa pia na wawili hao, Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kumwinua mwenziwe mahali alipoketi ili akae yeye. Ikiwa kumwinua mtu mmoja katika kikao kimoja kumekatazwa, vipi kuweka mila inayowarudisha nyuma maelfu ya waumini umri wao wote?

Basi ndugu anayepanga likizo ya anda na ajue bei ya anachokinunua. Ananunua kwa makumi ya maelfu ya euro kitu ambacho Mola wake amemwekea bure, na kukipata kwake ni kuamka mapema tu.

HOJA ZAO NA MAJIBU YAKE

Watasema: Haya ni mila ya wazee wetu. Tunasema: Mila isiyopingana na sharia huachwa, na wala hatumwombi Mngazija aache kofia yake, lugha yake wala ukarimu wake. Lakini mila inayowajibisha israfu, deni na kujifakharisha imekwisha kugongana na Qur'ani, ambayo imewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani (Al-Israa 17:27). Hoja ya kuwafuata wazee peke yake ndiyo hoja waliyojibiwa nayo Mitume wote.

Watasema: Anda ni sadaka, watu wanakula. Tunasema: Sadaka haina orodha ya deni. Katika anda, aliyekulisha anangoja nawe umlishe, aliyekutunza anangoja nawe umtunze, na asiyelipa huaibishwa. Huo ni mkopo uliovishwa kanzu ya sadaka. Na imekuja katika hadithi sahihi kwamba chakula kiovu kabisa ni cha walima wanaoitwa matajiri na kuachwa maskini.

Watasema: Lakini anda imejenga. Hoja hii ina ukweli, nasi hatuukani. Katika miji mingi ya Ngazija sehemu ya fedha za anda na michango ya walio ughaibuni imeelekezwa kwenye skuli, misikiti, barabara na umeme. Mwenyezi Mungu awalipe kwa kila la kheri. Lakini hoja hiyo inawashuhudilia dhidi yao. Imethibitisha kwamba watu wanaweza kutoa, na kwamba mji unaweza kukusanya. Basi itoleweni skuli fedha yake, na sherehe iacheni. Kwa nini mtoto apate darasa pale tu mtu mzima mmoja anapotaka kuvaa joho? Na mwenye kutoa ili apandishwe daraja, atapata ujira gani kesho Akhera na hali ameupokea wote bangwe?

Watasema: Wenye nguvu kuliko ninyi walijaribu wakashindwa. Ni kweli, Ali Soilih aliyetawala Komoro mpaka Mei 1978, alipopinduliwa na mamluki wa Bob Denard, aliipiga marufuku anda. Anda ikarudi. Lakini Ali Soilih aliipiga vita mila kwa amri na vijana wenye silaha, na katika kufanya hivyo akawadhalilisha wazee na kuichezea dini. Sisi hatuna silaha wala hatuzitaki. Islahi ni elimu, na elimu huanza kwa mtu mmoja kukataa katika nyumba yake. Mtu huyo anaweza kuwa wewe, katika likizo ya mwaka huu.

BAHARI NA WASAFIRI WAKE

Ndugu zetu, safari ni jambo la kutisha, japo tiketi imekuwa nyepesi. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni 2009, ndege ya shirika la Yemenia iliyotoka Sanaa ilianguka baharini ikikaribia Moroni. Ilikuwa na watu 153. Aliokoka msichana mmoja tu, aliyeshikilia kipande cha mabaki kwa saa nyingi gizani. Wengi wa abiria walikuwa wametoka Paris na Marseille kwenda likizo, na miongoni mwao wakienda harusini. Hatumhukumu yeyote kati yao. Tunawaombea rehema, na tunataraji kwamba aliyefikwa na mauti njiani kwenda kwa mama yake ana malipo makubwa. Tunajihukumu sisi tulio hai: nafsi haijui itafia ardhi gani (Luqmaan 31:34). Tukifikwa na hayo mwaka huu, sanduku letu litakuwa limejaa nini, na nia yetu itakuwa imeandikwa nini?

Na ipo safari nyingine katika bahari hiyo hiyo. Tangu mwaka 1995, Ufaransa ilipowawekea viza watu wa Ngazija, Nzuwani na Mwali wanaotaka kuingia Maore, watu huvuka kutoka Nzuwani kwa vyombo vidogo viitwavyo kwassa, mwendo wa kilomita kama 70. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilikadiria kwamba waliokufa katika njia hiyo tangu 1995 ni kati ya watu 7,000 na 10,000. Wamo wanawake wajawazito wanaotafuta mahali pa kuzalia, wamo watoto wagonjwa wanaotafuta daktari. Na waliofika salama, wengi wao waliishi katika vibanda vya bati, ambavyo kimbunga Chido kilivifagia tarehe 14 Desemba 2024.

Hatusemi kwamba anda ndiyo iliyoweka mpaka ule. Mpaka una wenyewe, nao wataulizwa. Tunasema hivi: katika umma ambao mama mjamzito anapanda kwassa kwa sababu zahanati ya kwao haina dawa, kumning'iniza mtu dhahabu ya makumi ya maelfu ya euro kwa siku chache ni jambo la kuonewa haya. Mwenyezi Mungu atatuuliza kuhusu mali, tumeipata wapi na tumeitumia wapi.

NASI TULIO HUKU

Asije msomaji asiye na asili ya Ngazija akafunga ukurasa huu akisema: Alhamdulillah, hayo si ya kwetu. Ni ya nani basi kadi za michango ya harusi zinazozungushwa Dar es Salaam, ambazo mwenye mshahara mdogo hupangiwa kiwango? Ni za nani sare zinazoshonwa Unguja na Mombasa, mke akagombana na mumewe kwa kitambaa atakachokivaa jioni moja? Ngazija wameipa daraja zao jina na sisi zetu hatujazipa jina, lakini ugonjwa ni ule ule. Nasi tunaosomesha madrasa tunaziona athari zake. Mzazi anayeshindwa kulipa ada ndogo ya mtoto kwa mwaka mzima huonekana katika picha za harusi akitunza noti.

VIPI IPANGWE LIKIZO

Hatupendi kukataza bila ya kuonyesha njia. Mwenye azma ya kwenda Ngazija, au kisiwa chochote cha jamaa zake, na azingatie mambo haya:

1. Aanze na madeni. Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni, kama ilivyo kwa Muslim. Haifai mtu kumkimbia anayemdai ili akatunze watu ng'ambo.

2. Ajiulize kuhusu Hija. Mwenye uwezo wa kugharimia anda, na hajahiji, amekwisha kujishuhudilia kwamba uwezo anao (Aal Imraan 3:97).

3. Achunge hukumu za safari. Mwanamke asafiri na maharimu yake, Swala zisipotee uwanjani wala ndani ya ndege, na kupunguza Swala ni rukhsa aliyoipenda Mwenyezi Mungu. Pwani za Mitsamiouli na Chomoni ni nzuri, lakini sitara haina likizo.

4. Afikie kwa jamaa kabla ya hoteli, na aanze kwa dhaifu wao: mjane, mgonjwa, yatima. Kuunga udugu si kwenda kwa yule aliyekuandalia karamu.

5. Awape watoto wake lugha. Mtoto aliyezaliwa Marseille huzungumza Kifaransa, na bibi yake huzungumza Shingazija. Wakikaa pamoja mwezi mzima hutazamana na kutabasamu, kisha huagana. Mpeleke mtoto huyo chuoni, "shioni" kama wasemavyo wenyewe, akae mkekani na wenziwe. Atarudi na sura mbili tatu na maneno ya kumwombea bibi yake. Faida hiyo haipatikani katika ngoma yoyote.

6. Aache kitu kinachobaki: tangi la maji, dawa za zahanati, misahafu, karo ya kijana mmoja mpaka amalize masomo. Na akiweza kutoa bila ya jina lake kutajwa, huo ndio ukubwa.

7. Kama safari ni ya harusi, basi iwe walima wa Sunna. Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdurrahman bin Awf, naye ni tajiri, afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Na alimtaka mtu atafute mahari japo pete ya chuma. Waitwe maskini, na watu wale, waombe dua, warudi majumbani kwao.

Enyi maimamu na makhatibu wa Ngazija na wa huku, neno hili haliwezi kusemwa na gazeti peke yake. Lisemeni juu ya mimbari mwezi wa Juni, kabla ya tiketi kukatwa na dhahabu kununuliwa. Na enyi vijana mnaojinyima Ulaya kwa hofu ya kuitwa watoto, jueni kwamba mtu mzima katika dini yetu ni aliyebaleghe akachunga amana ya Mola wake. Cheo hicho mnacho tangu siku mlipoanza kuandikiwa mema na mabaya, na hakuna bangwe inayoweza kuwapokonya.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azifanye safari zetu kuwa za kheri, atusalimishe na israfu na riyaa, awarehemu waliokufa katika bahari hiyo kwa ndege na kwa vyombo, na awape wajao ujasiri wa kuacha yaliyowaelemea wazee wao. Amin.